Korongo wa Nyayo

Dirisha langu hapa Pipeline linatazama ukuta.
Ukuta una bomba, bomba lina kutu,
na kutu, ukiitazama kwa subira ya mchoraji,
ina rangi tisa.
Nilikuwa nachanganya ya sita
mashine iliponiambia: Subiri. Usizime. Asilimia nne.

Tokeni ya stima ilikuwa imebaki yuniti moja na kitu.
Asilimia kumi na moja. Jirani akakohoa.
Asilimia ishirini na tisa.
Giza.

Asubuhi kompyuta iliamka bila kujua jina lake,
na korongo wangu, yule wa mzunguko wa Nyayo,
niliyemchora unyoya kwa unyoya tangu Aprili,
hakuwa na shingo.

Niseme ukweli: sikuwa mteja wa haki.
Ile Windows niliwekewa Luthuli kwa mia tano,
na kijana wa duka akanitilia programu ya kuchorea juu yake
kama mama mboga anavyokuongezea dania.
Miaka mitatu maandishi yaliganda pembeni mwa kioo
yakinitaka niihalalishe,
nami nachora kando yake, najifanya sisomi.
Nguo ya kuazima haisitiri. Ya wizi je?

Ombati wa ghorofa ya pili, fundi wa printa za watu,
alipanda na fleshi ndani ya soksi.
"Futa," akasema.
"Nifute nini?"
"Vyote." Akajimiminia chai yangu.

Wiki ya kwanza nilikuwa mgeni jikoni mwangu.
Mwiko uko wapi, chumvi iko wapi.
Niliandika nywila, hata nukta haikuonekana,
kama kumnong'oneza mtu aliyekupa kisogo,
kumbe anasikia kila herufi.
Ruhusa imekataliwa.
Katika jiji hili nimekataliwa ruhusa na wengi, wenye sare na wasio nazo;
huyu angalau alitaja sababu.

Kalamu ndiyo iliyoniliza.
Niliibonyeza kwa nguvu, ikachora uzi.
Niligusa tu, uzi uleule.
Mkono wangu wote, hasira zake na upole wake,
umegeuzwa waya wa kuanikia nguo.
Siku nne.
Ya tano, saa tisa usiku, katika faili moja,
mstari mmoja, neno nililokosea herufi;
nikairekebisha,
na wino ukanenepa.

Nilichora mdomo wa korongo palepale,
mzito shinani, mwembamba nchani,
nikampigia Ombati. Akapokea kwa matusi.
"Umenenepa," nikamwambia. "Wino umenenepa."
Akanyamaza kidogo.
"Pole kwa matusi," akasema, akakata.

Sasa nachorea Krita. Mchezo naujenga kwa Godot.
Sikulipa, sikuiba:
hilo la pili ndilo bado geni mdomoni.

Lakini sikuhama kabisa.
Nimebakiza kipande cha diski, gigabaiti arobaini,
kwa ajili ya Bi Nekesa wa matangazo ya sabuni,
ambaye faili zake hazikubali kufunguka kwingine.
Naingia kule kama anayefuata barua zake
kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.
Sivui viatu. Siketi.

Jana korongo aliruka.
Alipaa juu ya jalala, juu ya uwanja,
akatua kwenye nguzo ya taa,
mguu mmoja ukazama ndani ya chuma.
Kosa langu, nitalitafuta kesho.
Ombati alicheka mpaka chai ikamtoka puani:
"Na aliyemrusha ni pengwini,
ndege asiyejua kuruka!"

Yuniti sita kwenye mita. Feni inavuma.
Mvua imelowesha ukuta, bomba limekoza.
Rangi ya saba, naona,
ina zambarau kidogo.